Mwaka Niliokuwa Nikitafuta Q

Siku tulipomzika Kwamboka, udongo wa Manga ulikuwa umelowa na kushika viatu vya kila mtu. Nilikuwa nimekaa chini ya hema, safu ya nyuma kabisa, mahali ninapopenda kukaa, nikamwona mwanawe wa kwanza, Mokua, akipenya katikati ya viti na kipaza sauti mkononi. Ni mtu mzima sasa, ndevu zina mvi, na ana sauti ya mtu aliyezoea kuongoza kamati. Akainama karibu na sikio langu. "Mama, simama useme neno. Wewe ndiye uliyemtafsiria yule mama mzungu kwenye makambi ya kanisa. Marehemu mama alituambia hadithi hiyo mpaka tukaijua kwa moyo." Nikatikisa kichwa. Akasubiri kidogo, akanigusa bega kwa upole, akarudi nacho mbele. Walioniona walidhani ni uchungu wa msiba. Uchungu ulikuwepo, lakini kilichonifunga mdomo ni ile hofu yangu ya zamani, ninayoijua vizuri kuliko majirani zangu: huanzia tumboni, kisha vidole vinakuwa baridi, kisha ulimi unajaa mdomoni. Jioni nilitafuta daftari la mjukuu lililobaki kurasa chache. Mimi huandika polepole. Sikupita darasa la saba, na sentensi moja inaweza kunichukua muda ule ule wa kuchambua sinia ya maharagwe. Hata hivyo nimeanza.

Ulikuwa mwaka wangu wa mwisho shuleni, mwanzoni mwa miaka ya sabini. Mwalimu wetu wa Kiingereza alikuwa Mwalimu Nyamweya, mwembamba, Mkatoliki, mwenye koti moja la kijivu na kamusi moja ambayo hakuruhusu mtu kuigusa. Kila Ijumaa baada ya chakula cha mchana aliandika herufi tatu ubaoni. Darasa lilikuwa na mistari minne ya madawati, na kila mstari ulimtuma mtu mmoja mmoja kwenda kuandika neno la Kiingereza lenye herufi zote tatu, ziwe mbele, katikati au mwisho. Majina ya watu na ya miji hayakukubaliwa. Neno likishaandikwa halirudiwi. Mstari uliokosa neno kwanza ulichota maji ya nyumba za walimu wiki nzima, kutoka mtoni chini hadi juu ya kilima, na kilima cha Manga si cha mchezo. Ukiandika neno asilolijua, Mwalimu alifungua kamusi, akateremsha kidole, akasema "Lipo" au "Halipo." Basi. Maana hakuuliza. Alisema kwanza tuzoee sura za maneno, maana itakuja yenyewe.

Mchezo ule ulikuwa kama umetungwa kwa ajili yangu, kwa sababu haukuhitaji kusema. Mimi nilikuwa mtoto wa kujificha. Nikiulizwa swali darasani nilisimama, nikatazama vidole vya miguu, nikasubiri niambiwe niketi. Ombui, aliyekaa dawati la mbele yangu na ambaye hakuwahi kunyamaza hata akila, alinipa jina la Bubu. Lakini kwenda ubaoni, kuandika, kurudi, hilo niliweza. Shida ilikuwa maneno. Kina Ombui walikuwa na kaka zao katika shule za sekondari, waliorudi likizo na Kiingereza kizima kizima. Nyumbani kwetu Kiingereza kilikuwa kwenye makaratasi ya sabuni na magunia ya mbolea tu. Nilianza na hayo. Nilisoma mikebe, nilisoma kipande cha gazeti alichofungia sukari mwenye duka, nilisoma kibandiko cha dawa ya kuogeshea ng'ombe, na kila neno lenye herufi ngumu nililiandika katika daftari nililolishona mwenyewe kwa uzi wa gunia. Ukurasa wa Q, ukurasa wa X, ukurasa wa Z, ukurasa wa J. Lakini makaratasi ya sabuni yanakwisha haraka. Ukishayasoma mara moja, yanakuambia yale yale.

Ndipo nikakumbuka kabati la kanisa. Sisi ni watu wa Sabato, na kanisa letu la mabati lilikuwa na kabati lenye vitabu vilivyoachwa na wamishenari wa zamani. Hakuna aliyevisoma, lakini kila mtu aliviheshimu. Ufunguo aliushika Mzee Onchari, mzee wa kanisa, mtu wa kutembea polepole na kusalimia kila mtu kwa jina. Nilimwomba mama, mama akamwomba yeye, na Sabato iliyofuata nikakabidhiwa kitabu kinene cheusi, cha kueleza Maandiko, kinanuka karafuu na vumbi. Nikakifungua mapajani mwangu. Sikuwa nimewahi kuona utajiri kama ule. Kulikuwa na sehemu inayohusu vito vya mji wa mbinguni, na katika ukurasa huo mmoja nilipata jasper, topaz, onyx na sardonyx. Nilikuwa sisomi kama watu wanavyosoma. Kidole kilitembea juu ya mstari, na macho yalitafuta mkia wa q, mikono minne ya x, kona za z, kama mtu anayetafuta mawe ndani ya mchele. Mchele wenyewe sikuuona. Midomo yangu ilitikisika kwa sababu nilikuwa nikihesabu herufi na kuzikariri hadi nifike nyumbani, jua lizame, Sabato iishe, ndipo niziandike. Maana hilo pia lilinisumbua. Kuandika siku ya Sabato nilijua ni makosa. Kutafuta maneno ya mchezo wa shule katikati ya mahubiri nilijua ni makosa makubwa zaidi. Kila Sabato niliahidi kwamba hii ndiyo ya mwisho.

Siku Mwalimu alipoandika O, X na Y, darasa zima lilitazamana. Mstari wa kwanza uliandika neno moja fupi, wa pili ukakosa, lakini Mwalimu alitaka tuendelee kuona nani anaweza. Nilitoka, nikaandika onyx. Zamu iliporudi kwetu nikaandika sardonyx, polepole, chaki ikilia. Mwalimu alifungua kamusi. Alikaa muda mrefu na kidole chake. "Lipo," akasema, kisha akanitazama kana kwamba nimeingia darasani wakati huo huo. "Umelitoa wapi?" Nikatazama sakafu. Ombui akapiga dawati. "Bubu amekufa leo! Kuanzia sasa ni Zedi, herufi ngumu kuliko zote!" Na mstari wetu haukuchota maji muhula mzima wa pili. Nilikuwa na furaha, lakini ilikuwa furaha ya mtu aliyebeba yai kwenye njia ya mteremko.

Sikujua kwamba kanisani nilikuwa nikitazamwa. Kwa upande wa akina mama, ambako niliketi karibu na mama yangu, waliona msichana ambaye macho yake hayatoki kwenye kitabu cha Kiingereza, kidole juu ya mstari, midomo ikitikisika, ukurasa baada ya ukurasa, hata watoto wengine wanapovutana mashati. Wakafikia uamuzi ambao mtu yeyote angefikia. Jumapili moja mnamo mwezi wa saba nilikuwa jikoni nikimenya ndizi, nikamsikia Mzee Onchari sebuleni. Mama alikuwa amempa chai na viazi vitamu, na ukuta wa jikoni ulikuwa wa matope tu, haukuzuia neno.

"Mwaka huu mhubiri wa makambi anakuja na mkewe," alisema mzee. "Mama huyo anataka kikao na wanawake peke yao, kuhusu watoto na afya. Mwanamume haingii. Sasa mkalimani wetu ni mwanamume."

"Kweli ni shida," mama alisema.

"Si shida. Tumeangalia. Tunaye mtoto wako."

Nikaacha kisu hewani. "Moraa?" mama akauliza. "Huyo hata salamu anaitikia kwa kichwa."

"Asiyesema sana ndiye anayesikia. Mama, mimi nimekaa mbele nikamtazama mtoto yule tangu mwezi wa pili. Kitabu kile hata mimi kinanishinda kurasa mbili. Yeye yuko karibu kukimaliza."

Kisha nikamsikia mama akicheka. Mama yangu hakuwa mtu wa kucheka mbele ya wageni. Kilikuwa kicheko kidogo, cha mtu aliyepewa kitu asichokiomba, naye anajaribu kutoonyesha. "Basi kama kanisa limeona," alisema. Nimesikia sauti nyingi katika maisha yangu, lakini ile iliyopenya ukuta wa matope siku ile ndiyo iliyonifunga. Ningeweza kutoka nikasema, "Mzee, sielewi hata mstari mmoja wa kitabu kile." Lakini wangeuliza, basi ulikuwa unatafuta nini humo? Na jibu lingekuwa mchezo, siku ya Sabato, kanisani, mbele ya mama. Nikaendelea kumenya. Nilimenya ndizi nyingi kuliko chungu.

Zilibaki wiki nne, shule ikafungwa. Nilipanda hadi nyumba ya Mwalimu Nyamweya nikiwa nimejipanga kumwomba kamusi, nikakuta kufuli. Alikuwa ameenda kwao, na kamusi ameenda nayo. Nyumbani, mama alipeleka kitambaa cha buluu kwa fundi sokoni, gauni lenye kola nyeupe, la kusimama mbele za watu. Kila aliyepita nyumbani alinisalimia kwa maneno zaidi ya siku zote. Nilipoteza hamu ya kula. Ugali wa wimbi na mboga za rinagu, ambazo nilizipenda, zilikaa mdomoni kama karatasi.

Niliyekuwa nikimkimbilia ni Kwamboka. Alikuwa mke wa jirani yetu, amenizidi miaka minne tu, aliacha shule darasa la nne akaolewa, na Mokua alikuwa mtoto wake wa kwanza, bado hajatimiza mwaka. Jikoni mwake kulikuwa na kigoda kimoja na jiwe moja. Alinipa kigoda, akakalia jiwe. Alasiri moja alikuwa akikoroga uji, mtoto amefungwa mgongoni, akaniambia, "Mkalimani, hebu sema Kiingereza kidogo nisikie."

"Siwezi."

"Haya maringo ya wapi? Na mimi nikikupa uji bure!"

Nikafumba macho, nikavuta pumzi, nikayatoa yote kwa mpigo: jasper, juniper, quarrel, hazel, brazen, quench, topaz. Kwamboka aliacha mwiko, akapiga makofi, mtoto mgongoni akacheka kwa kuwa mama yake amerukaruka. "Yaya! Yaya!" akashangaa. "Huyu si mtoto, ni mvua ya mawe juu ya mabati! Umesema nini?"

Hapo ndipo nilipoanguka, si siku ya makambi. Nilimtazama mtoto, nikasema, "Nimesema una mtoto mzuri."

"Maneno yote hayo, mtoto mzuri tu?"

"Kiingereza kina maneno mengi," nikamwambia. Akaridhika. Nikanywa uji wake nikijua kwamba uongo ni rahisi, na kwamba nikikosa la kusema siku ya makambi, nitafanya hivyo hivyo.

Makambi, mikutano ya kanisa ya kila mwaka, yalikuwa uwanjani chini ya ukingo wa kilima. Kila familia ilijenga kibanda cha miti ya mikaratusi na majani ya migomba, ikabeba mikeka, masufuria na viazi vya wiki nzima. Ukumbi wa wanawake ulikuwa banda lililoezekwa nyasi, bila kuta. Siku ya tatu, baada ya chakula cha mchana, nilisimamishwa mbele na gauni langu la buluu, kando ya mama mzungu mrefu mwenye viatu vya kamba na mikono yenye madoadoa ya jua. Wanawake walikuwa wengi, wameketi chini, miguu imenyooka, watoto wakinyonya. Mama yangu aliketi mstari wa pili. Karibu na nguzo alikaa Kwamboka, na Mokua hakuwa akicheka siku hiyo. Alikuwa akiharisha tangu asubuhi ya siku iliyotangulia. Kichwa chake kililala begani mwa mama yake kama kitu kilichosahauliwa hapo.

Mzungu alianza kwa salamu, nazo nilizijua. Nilisema kwa sauti ndogo, wakasema, "Paza, mtoto!" nikapaza. Kisha akaanza mambo yenyewe, na Kiingereza chake kikanipita kama maji ya mto uliofurika, unaona yanapita na huwezi kuchota hata kikombe. Nilishika "mother," nikashika "baby." Akanyamaza, akanitazama, akatabasamu akisubiri. Wanawake wote wakanitazama. Nikafungua mdomo, na kilichotoka ni yale niliyoyasikia maisha yangu yote nikiwa jikoni kwa watu. Nikawaambia mama mzungu anasema mtoto asiachwe kwenye baridi. Wakaitikia kwa vichwa. Nikasema mama anayenyonyesha ale vizuri. Wakaitikia. Mzungu aliona vichwa vinakubali, akafurahi, akaongeza mwendo.

Kisha akasema sentensi ndefu huku ameshika tumbo, akionyesha kuhara, hilo kila mtu alilielewa. Katikati ya sentensi hiyo nililisikia neno moja langu. Quench. Nililitambua kama unavyomtambua mtu uliyemwona sokoni mara nyingi bila kujua jina lake. Nililitoa katika kitabu cheusi, nililiandika ubaoni mwezi wa tatu, tukashinda. Na sikujua ni nini. Akanyamaza. Wakasubiri. Nikasema kile ambacho kila bibi alisema wakati ule, na ambacho nilimsikia mama akisema, na mama yake kabla yake: "Anasema mtoto akiharisha mnyimeni maji, mpaka tumbo litulie. Maji yanazidisha."

Vichwa vyote vikaitikia kuliko mara zote. Mwanamke mmoja akasema, "Kumbe hata kwao wanajua!" Nikapumua. Ndipo mzungu akainama, akachukua kikombe na kijiko kwenye kikapu chake, akamimina maji ya chupa kwenye kikombe, akashika mdoli wa kitambaa, na akaanza kuulisha maji. Kijiko kimoja. Akanyanyua kidole: subiri kidogo. Kijiko kingine. Akanyanyua kidole. Kingine.

Wanawake wakatazama kijiko, kisha wakanitazama mimi. Kwamboka akasimama na mtoto wake. "Moraa," akasema, na alisema kwa heshima, kama mtu anayemuuliza mwalimu, "mimi sijampa huyu maji tangu jana asubuhi. Analilia kikombe na mimi nakificha. Nimnyime mpaka lini? Mpaka kesho?"

Nilimtazama Mokua. Midomo yake ilikuwa imekauka na kupasuka. Nikamtazama mama, aliyekuwa amenyoosha shingo, bado na ule uso wa fahari. Nikaona kwamba nikisema "mpaka kesho" watu watatawanyika, tutakula viazi, na hakuna atakayejua kamwe. Hilo ndilo lililonitisha kuliko kitu chochote, kwamba hakuna atakayejua. "Sijui," nikasema.

"Paza!"

"Sijui! Sijui anachosema. Sijui Kiingereza. Najua maneno tu, yenye Q na Z, ya mchezo wa shule. Hayo mengine nimeyatunga."

Nadhani ndiyo maneno mengi zaidi niliyowahi kusema mbele ya watu. Kicheko kikatoka mahali fulani nyuma. "Basi tumehubiriwa na Moraa!" Mwenyekiti wa akina mama alisimama mikono kiunoni. "Wewe mtoto, hata ya baridi uliyatunga?" Nikaitikia kwa kichwa. Mzungu alitugeukia mmoja mmoja akitafuta wa kumweleza kilichotokea. Mama yangu alikuwa ameinamisha kichwa, nikaona kitambaa chake tu.

Kwamboka hakucheka. Alimfungua mtoto, akapita juu ya miguu ya watu, akamweka mapajani mwa mzungu bila kuomba, akaonyesha mdomo wa mtoto, kisha kikombe, kisha akafungua mikono yake kuuliza. Mzungu aligusa midomo ile iliyopasuka na uso wake ukabadilika. Akaanza kusema haraka, akionyesha sufuria, moto, mapovu ya maji yanayochemka, kisha mkono juu ya kikombe kuonyesha yamepoa, kisha kijiko. Kwamboka akanigeukia. "Njoo hapa. Usikimbie. Acha maneno yake, tazama mikono. Anasema nini?"

Nikasogea. Nilitazama mikono ile yenye madoadoa kwa namna ambayo sikuwahi kutazama ukurasa wowote, mchele na mawe pamoja. "Anasema mpe," nikasema. "Chemsha maji, yapoe, mpe kidogo kidogo. Akitapika subiri, kisha mpe tena. Na ziwa usimwachishe."

"Una hakika?"

"Hilo nina hakika."

Akachukua kijiko mwenyewe. Mokua alikishika kwa ufizi na hakutaka kukiachia.

Siku mbili zilizofuata nilikuwa mtu wa kusikiliza. Kibanda cha Kwamboka kilikuwa cha tatu kutoka chetu, na mtoto akilia niliogopa, akinyamaza niliogopa zaidi. Mama hakusema nami hadi jioni ya siku ya pili, tulipokuwa tukila viazi baridi, mgongo wake umeegemea gunia. "Kitabu kile," alisema, "ulikuwa unatafuta nini ndani yake?"

"Herufi."

"Siku ya Sabato."

"Ndiyo."

Alitafuna muda mrefu. "Utakirudisha kwa Mzee Onchari mwenyewe. Mkononi. Na utamwambia kwa mdomo wako, kama ulivyosema kule." Nilifanya hivyo. Mzee alikipokea, akakifuta vumbi ambalo halikuwepo, akaniuliza kama kina picha. Nikamwambia hakina. Alisema, "Mimi nilidhani labda mwishoni," akakifungia kabatini. Nilipogeuka kwenda nilimwona Kwamboka chini ya mikaratusi, na Mokua amekaa wima, ameshika ndizi mbivu kwa mikono miwili, usoni imeenea hadi masikioni.

Muhula wa tatu ulipofunguliwa, Ijumaa ya kwanza, Mwalimu Nyamweya aliandika Q, N na E. Mstari wangu haukungoja hata kuniita. Nikatoka, nikaandika quench. Mwalimu akasema, "Hilo tulishaliona, lipo, lakini ni la muhula mwingine, nakubali." Sikurudi kwenye dawati. Nilibaki pale na chaki. "Mwalimu," nikasema, "maana yake nini?"

Darasa likalipuka. Bubu amesema. Mwalimu alinitazama, akafungua kamusi, akasoma kimya, akafikiri. "Kuzima, kama moto," alisema. "Au kukata kiu. Kumpa mtu maji mpaka kiu ikatike." Sijui uso wangu ulikuwaje, lakini aliniambia niketi kwa sauti ya upole, na tangu siku hiyo akabadili mchezo: hakuna neno bila maana. Katika daftari langu lote la gunia nilikuwa na maana saba. Mstari wetu ulichota maji wiki tatu mfululizo. "Zedi, si ungenyamaza tu!" Ombui alinililia, ndoo kichwani, akipanda kilima kwa kuhema. "Miaka saba umenyamaza, ukachagua siku hiyo!" Nilipanda nyuma yake na ndoo yangu. Jioni, nikishamimina maji katika pipa la Mwalimu, aliniruhusu nimuulize maneno matano. Nilimaliza daftari wiki ya mtihani. Ada ya sekondari haikupatikana, na masomo yangu yakaishia hapo.

Kwamboka na mimi tuliishi jirani maisha yote yaliyofuata. Tulichuma chai pamoja, tulizaa, tulizika waume, tulizeeka. Siku ile hatukuitaja hata mara moja. Nilidhani anaikwepa ili asinipe aibu, na nilimshukuru kimoyomoyo. Sikujua kwamba alikuwa akiisimulia jikoni mwake kwa watoto, akiwa kwenye lile jiwe. Katika hema la msiba, nilipokataa kipaza sauti, Mokua alikichukua mwenyewe, akasoma wasifu wa mama yake, kisha akaweka karatasi chini. Alisema mama yake aliwaambia kwamba yeye, Mokua, yuko hai kwa sababu ya msichana mmoja wa darasa la saba, mwoga, aliyesimama mbele ya makambi yote akasema "mpe maji." Watu wakageuka wakanitazama. Wengine wakapiga makofi. Nikatazama vidole vya miguu.

Kwa hiyo alikuwa ameikata hadithi katikati, akawapa kipande kimoja, na kile kingine akakiweka peke yake kwa zaidi ya miaka arobaini, hadi kaburini. Sasa kiko kwangu tu, nami si kijana. Daftari hili nitalipeleka kwa Mokua kesho asubuhi, kwa mkono wangu, kama nilivyofundishwa kurudisha vitu. Asome yote, lakini kama hana muda, asome hapa: mwanangu, mama yako alikuambia kweli, ila kabla sijamwambia akupe maji, nilimwambia akunyime.